Je, Mwanadamu Ameumbwa Mbinafsi? Kuutazama Upya Ubepari



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, mwanafunzi wa uchumi anapoanza mwaka wa kwanza hukutana mapema na mtu wa ajabu. Mtu huyo hana mama, hana jirani, hana haya wala huruma. Kila anapoamka hupiga hesabu ya faida yake, na kila anapopata hutaka zaidi. Vitabu humwita mtu wa kiuchumi, na juu ya mabega yake zimejengwa nadharia nyingi za bei, mishahara na mikopo. Mwanafunzi humkariri, humwandika kwenye mtihani, akafaulu. Lakini anaondoka na wazo ambalo hakuna aliyemuuliza kama analikubali: kwamba binadamu ndivyo alivyo, na kwamba ubepari ni maumbile yetu tu yakiachwa yafanye kazi.

Somo letu la leo ni kulipima wazo hilo kwa mizani nne: maumbile, sayansi, hisia na historia. Suala hili haliwahusu watu wa uchumi peke yao. Mtu akiamini kwamba wanadamu wote ni wabinafsi kwa asili, ataiona zaka kuwa hasara, atamwona anayekopesha bila faida kuwa mjinga, na atamtilia shaka kila anayemtendea wema. Itikadi yake itakuwa imebadilika ingawa bado anaswali swala tano.

MANENO TUNAYOYATUMIA

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa. Biashara ni kuuza na kununua. Ni ya kale, ipo katika kila jamii, na Mtume (s.a.w) mwenyewe alikuwa mfanyabiashara kabla ya utume. Ubepari ni kitu kingine. Ni mfumo ambao mashamba, viwanda na mitaji humilikiwa na watu binafsi, wengine huuza nguvu zao kwa mshahara, uzalishaji hufanywa kwa ajili ya faida, na faida hurudishwa kutafuta faida nyingine bila kikomo. Katika mfumo huo karibu kila kitu hupewa bei: ardhi, kazi ya mtu, muda wake, hata fedha yenyewe hukodishwa kama nyumba.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba Uislamu unaruhusu biashara, basi Uislamu ni ubepari, ameruka hatua. Na mtu akisema kwamba kuukosoa ubepari ni kuichukia biashara, naye ameruka hatua ile ile kutoka upande wa pili.

DAI LILITOKA WAPI?

Mwaka 1714 Bernard Mandeville, mtu wa Uholanzi aliyeishi London, alichapisha kitabu kuhusu mzinga wa nyuki. Hoja yake ilikuwa kwamba maovu ya mtu mmoja mmoja, kama tamaa na majivuno, huleta ustawi kwa jamii nzima. Mwaka 1776 Adam Smith akaandika kitabu chake mashuhuri kuhusu utajiri wa mataifa. Humo alieleza kwamba hatutegemei hisani ya mchinja nyama au mwoka mikate ili tupate chakula, bali tunategemea kwamba nao wanajali maslahi yao. Watu waliishika hoja hiyo moja, wakamwacha Smith mwenyewe.

Smith alikuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Mwaka 1759, miaka 17 kabla ya kitabu cha utajiri, alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu hisia za kimaadili, nacho kinaanza kwa kueleza kwamba hata mtu anayedhaniwa kuwa mbinafsi kiasi gani, bado ndani yake kuna kitu kinachomfanya ajali hali za wenzake. Naye John Stuart Mill, aliyeeleza mwaka 1836 kwamba elimu ya uchumi humtazama mtu kwa upande wake wa kutafuta mali tu, alitahadharisha kwamba hakuna mwanauchumi mpuuzi wa kudhani binadamu halisi yuko hivyo. Kwake ilikuwa njia ya kurahisisha hesabu.

Kilichoanza kama kifaa cha hesabu kikageuka kuwa maelezo ya binadamu, kisha kikageuka kuwa nasaha: kuwa hivyo, ndiyo akili.

MIZANI YA KWANZA: MAUMBILE

Qur'ani haimsifu binadamu kupita kiasi. Katika Suratul Maarij, kuanzia aya ya 19, tunafundishwa kwamba mtu ameumbwa na papara: shari ikimgusa hubabaika, na kheri ikimgusa huizuia isiwafikie wengine. Suratul Fajr inatukumbusha jinsi tunavyoipenda mali kwa pupa. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) alitufahamisha kwamba mwanadamu akipewa bonde la dhahabu atatamani la pili.

Mpaka hapo huenda bepari akasema, "Si mnaona? Hata dini yenu inakubali." Lakini Suratul Maarij haiishii hapo. Baada ya kuutaja udhaifu huo inawatoa watu fulani: wanaoswali na kudumu katika swala zao, na ambao katika mali zao mna haki inayojulikana ya mwombaji na aliyenyimwa. Suratush Shams nayo inatufundisha kwamba nafsi imefunuliwa uovu wake na ucha Mungu wake, kisha aliyefaulu ni aliyeitakasa.

Basi uchoyo umo ndani yetu, na kinyume chake kimo pia. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nafsi nayo hulelewa, na miongoni mwa walezi wake ni mfumo wa uchumi tunaoishi ndani yake kila siku. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: mfumo huu unalea upande upi wa mtu?

MIZANI YA PILI: SAYANSI

Mwaka 1982 wanauchumi watatu wa Ujerumani walichapisha jaribio ambalo tunaweza kuliita mchezo wa mgawanyo. Watu wawili wasiojuana hupewa kiasi cha fedha. Wa kwanza anapendekeza namna ya kugawana. Wa pili akikubali, kila mmoja anachukua fungu lake. Akikataa, wote wawili wanakosa. Kwa hesabu ya mtu wa kiuchumi, wa kwanza angetoa kiasi kidogo kabisa, na wa pili angekipokea, kwa sababu kidogo ni bora kuliko sifuri. Watu halisi hawakufanya hivyo. Wengi walitoa karibu na nusu, na waliopewa kidogo mno mara nyingi walikataa. Walikuwa tayari kupoteza fedha kuliko kukubali dhuluma.

Ikasemwa labda ni tabia ya wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri. Joseph Henrich na wenzake wakaupeleka mchezo huo katika jamii ndogo 15 za wawindaji, wafugaji na wakulima, wakatoa matokeo mwaka 2001. Miongoni mwao walikuwamo Wahadza wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Hakuna jamii hata moja iliyofuata tabia ya mtu wa kiuchumi kikamilifu. Tofauti kati yao, hata hivyo, zilikuwa kubwa. Wamachiguenga wa Peru walitoa kwa wastani kiasi cha robo. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera huko Indonesia, ambao hawawezi kumvua nyangumi bila kushirikiana na kugawana, walitoa zaidi ya nusu.

Waorma wanatuhusu kwa karibu. Hao ni wafugaji Waislamu wa eneo la Mto Tana. Wao walitoa kwa wastani kiasi cha asilimia 44. Walipoletewa mchezo mwingine, ambao kila mtu huweka fedha katika chungu cha pamoja, kisha mtafiti anaiongeza maradufu na kuigawa sawa kwa wote, walisema mara moja kwamba hiyo ni harambee. Mtafiti alileta fumbo kutoka chuo kikuu, nao wakaliona kuwa jambo wanalolijua tangu zamani.

Hapa lazima tuwe waadilifu, maana elimu haichukuliwi kwa kuchagua kinachotupendeza. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba jamii zilizozoea soko zaidi ndizo zilizoelekea kugawa kwa haki zaidi. Utafiti wao mwingine uliotolewa mwaka 2010 uliona jambo hilo tena, na ukaongeza kwamba wafuasi wa dini kubwa, yaani Uislamu au Ukristo, nao walielekea hivyo. Kutokea pamoja kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja ni sababu ya jingine. Hata hivyo matokeo haya yanatuzuia kusema kwamba soko huharibu watu. Mtu aliyezoea kufanya biashara na asiowajua hujifunza uaminifu, kwa sababu asiye mwaminifu hapati mteja wa pili.

Basi tatizo liko wapi? Jaribio jingine linatusaidia. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto katika mji wa Haifa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Wazazi wengine walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Katika vituo 6 ikawekwa faini. Ungetarajia ucheleweshaji upungue, lakini uliongezeka, hata ukafikia karibu maradufu. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu anayemsubiri. Baada ya faini, aliona ananunua muda wa ziada. Na faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Ucheleweshaji ulibaki pale pale juu.

Tukiyaweka matokeo haya pamoja, tunaona kwamba soko lina mahali pake, na mahali pake likikaa vizuri linaweza hata kufundisha uadilifu. Likiingia pasipo pake, linaondoa haya na hisani, na vitu hivyo vikishaondoka ni vigumu kuvirudisha.

MIZANI YA TATU: HISIA

Mtu wa kiuchumi hana hisia, lakini uchumi tunaouona mitaani unaendeshwa na hisia, hasa tatu.

Ya kwanza ni hofu. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza huwa mkubwa kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Kahneman alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 268, inatuonya kwamba shetani hututishia ufakiri na kutuamrisha mambo machafu, ilhali Allah anatuahidi msamaha na fadhila. Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba uchafu unaotajwa hapo ni ubahili. Anayeogopa kesho hufumba mkono leo.

Ya pili ni kujilinganisha. Suratut Takathur inazungumzia jinsi kushindana kwa wingi kunavyotushughulisha mpaka tuyafikie makaburi. Tangazo la biashara kwa kawaida halikuambii kwamba simu yako imeharibika. Linakuonyesha aliye na simu mpya. Ulichokuwa nacho hakijapungua thamani ya matumizi, lakini moyo wako umeshapungua shukrani.

Ya tatu ni aibu. Hii inaonekana wazi katika mikopo ya simu. Mtu anabonyeza mara tatu, fedha inaingia, hakuna aliyemwangalia usoni. Mkopo wa siku 30 ukitozwa asilimia 7.5, ada inaonekana ndogo. Lakini akiuchukua kila mwezi kwa mwaka mzima, amelipa asilimia 90 ya kiasi kile kile alichokuwa akizungushiwa. Akishindwa, baadhi ya wakopeshaji walikuwa wakiwapigia simu watu walio katika orodha yake, mama mzazi, mwalimu, rafiki, ili aaibike. Jambo hilo lilienea hata Kenya ikatunga kanuni mwaka 2022 za kuwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu, na kuwakataza vitisho na kuwasumbua watu wa karibu na mdaiwa.

Tazama utaratibu huo. Haya ya kukopa iliondolewa mwanzoni ili mtu akope haraka, kisha ikarudishwa mwishoni kama silaha ya kumdai. Mfumo unaosema binadamu hana ila hesabu unazijua hisia zake vizuri sana, na unazitumia.

MIZANI YA NNE: HISTORIA

Kama ubepari ni maumbile tu, ungejiotea wenyewe kila mahali kama nyasi baada ya mvua. Historia ya nchi yetu ya Uganda inasema vingine.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya kibanda ya rupia 3 kwa mwaka. Mkulima alikuwa na ndizi, alikuwa na mbuzi, alikuwa na koo na jirani, lakini hakuwa na rupia. Ili azipate ilimbidi auze nguvu zake au alime zao la kuuza. Mwaka 1903 mbegu za pamba zikaletwa, na pamba ikawa njia kuu ya kuzipata hizo fedha za kodi. Mkataba ule ule uligawa ardhi. Maelfu ya maili za mraba, ambazo hapo kabla hazikuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, zikawa mali binafsi za wakubwa, ndiyo asili ya ardhi ya mailo. Hata Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, alitajwa na kutengewa maili 24 za mraba, yeye na wafuasi wake. Wakulima wa kawaida wakaamka wakiwa wapangaji, wakilipa busuulu na envujjo, mpaka sheria ya mwaka 1927 ilipoweka mipaka ya malipo hayo.

Kwa upande wa pili wa ziwa, Wajerumani nao walitoza kodi na kulazimisha kilimo cha pamba, na hiyo ilikuwa moja ya sababu za vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwanahistoria wa uchumi Karl Polanyi alieleza mwaka 1944 kwamba hata Uingereza kwenyewe jamii ya soko haikuzuka yenyewe, bali ilijengwa kwa mkono wa dola. Kinachohitaji kodi, sheria na bunduki ili watu wakifuate ni vigumu kukiita maumbile.

Lakini sisi Waislamu tusijiweke nje ya historia hii. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki wafanyabiashara waliokuwa wakiswali walinunua na kuuza binadamu, na mashamba ya karafuu ya Unguja yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Jina la Uislamu halikuwazuia kuwatia bei watu. Walikuwa wanajua hukumu za swala na udhu, na tamaa ikawashinda.

Wala tusidai kwamba kuufuta umiliki binafsi ndiyo dawa. Dola ya Kisovieti ilijaribu hilo kwa nguvu, ikasambaratika mwaka 1991. Na ubepari una mazao yake: viwanda, dawa, simu ninayotumia kuandikia makala hii. Mfumo unaomlazimisha mtu awe malaika hukosea maumbile yake, kama unavyokosea ule unaomwambia kwamba yeye ni tumbo tu.

SA'D NA ABDURRAHMAN

Kuna kisa kimoja katika Sahih Bukhari ambacho naona kinabeba somo lote hili. Wahajiri walipofika Madina bila mali, Mtume (s.a.w) aliwaunganisha udugu na Ansari. Abdurrahman bin Auf (r.a) akaunganishwa na Sa'd bin Rabi' (r.a), tajiri wa Madina. Sa'd akamwambia kwamba atamgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali na watu wake, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaenda, akafanya biashara ya maziwa makavu na samli, na baada ya muda si mrefu akawa ameoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende.

Wengi wetu tunaposimulia kisa hiki tunamsifu mmoja tu. Anayependa biashara humsifu Abdurrahman kwa kujitegemea. Anayependa ukarimu humsifu Sa'd. Lakini hebu mwondoe Sa'd: mhajiri anaingia sokoni akiwa na njaa, hana pa kulala, na yeyote mwenye fedha anaweza kumpa masharti anayotaka. Mwondoe Abdurrahman: ukarimu unageuka utegemezi, na mali ya Sa'd inakwisha. Soko la Madina lilikuwa soko huru kwa sababu aliyeingia humo alikuwa na ndugu nyuma yake.

Na soko lile lilikuwa na uzio. Bei zilipopanda watu walimwomba Mtume (s.a.w) azipange, akakataa kwa kuogopa kumdhulumu yeyote. Hilo ni upande wa uhuru. Lakini riba ilikatazwa, kuficha chakula ili kipande bei kulikatazwa, na kudanganya katika mizani kulikatazwa. Zaka ya asilimia 2.5 ilitolewa katika fedha iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka, na hiyo ni haki ya maskini, si hisani. Mirathi huigawa mali upya kila anapokufa mtu. Suratul Hashr aya ya 7 inataja lengo: mali isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Na Suratul Baqara aya ya 280 inaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi.

Kila hukumu hapo inagusa nafsi. Zaka inauzoesha mkono kufunguka. Kukatazwa riba kunamtaka mwenye fedha ashiriki hatari pamoja na mfanyabiashara, asikae pembeni akingojea. Muda wa mdaiwa unamlazimisha anayedai amtazame usoni anayedaiwa.

Kwa hiyo tusiridhike na majina. Uganda ilirekebisha sheria yake ya taasisi za fedha mwaka 2016 ili kuruhusu huduma za benki za Kiislamu, na benki ya kwanza ya aina hiyo ikapata leseni mwaka 2023. Hiyo ni hatua ya kushukuru. Lakini benki inayobadilisha istilahi na kuacha mzigo wote juu ya mkopaji haijaondoka mbali. Tuulize kila mara: nani amebeba hatari?

TUANZIE WAPI HAPA CHUONI?

Mizani zote nne zinaelekea upande mmoja: mtu hulelewa na mambo anayoyarudia. Na kila muhula miongoni mwetu kuna anayekosa ada ya mtihani, anayelala njaa wiki mbili za mwisho, na anayeingia kwenye mikopo ya simu au kamari ya mpira akitafuta njia ya kutokea. Kamari ni haramu kwa nassi ya Suratul Maida aya ya 90, lakini kumwambia hivyo bila kumwonyesha mlango mwingine ni nusu ya nasaha.

Mlango mmoja ni mfuko wa qardh hasan, mkopo mwema usio na ziada. Tufanye hesabu. Wanafunzi 40 wakichangia shilingi 5,000 kila mwezi, hizo ni shilingi 200,000. Kwa miezi 8 ya masomo ni shilingi 1,600,000. Fedha ikirudi inakopeshwa tena, kwa hiyo shilingi zile zile zinaweza kuwafaa watu wengi.

Ugumu upo, tuukubali. Wengine hawatalipa. Qur'ani haikulipuuza hilo: aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi kuwe na karani, mashahidi, kiwango cha juu cha mkopo na tarehe ya kurudisha. Aliyekwama apewe muda na siri yake itunzwe, jina lisitajwe kwenye kundi la simu. Anayeweza kulipa na hataki asikopeshwe tena mpaka alipe, kwa sababu kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Na tusiweke faini ya fedha kwa wanaochelewa. Kwanza ziada juu ya deni inafungua mlango wa riba. Pili, wazazi wa Haifa wametuonyesha haya inakwenda wapi ikishapewa bei.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAQA

1. Taja jambo moja katika maisha ya chuo ambalo zamani lilifanywa kwa hisani na sasa linalipiwa. Tumepata nini na tumepoteza nini?
2. Kama Sa'd angemkopesha Abdurrahman kwa riba badala ya kumpa, udugu wao ungekuwaje baada ya mwaka mmoja?
3. Soma Suratul Maarij aya ya 19 hadi 35. Ni sifa ngapi zinazotajwa za wanaosalimika na papara ile? Ni zipi zinazohusu mali?
4. Mfuko wa qardh hasan ukianzishwa katika jumuiya yetu, wewe ungependa kuwa mchangiaji, karani au mkopaji? Kwa nini?

Tunamwomba Allah atukinge na uchoyo wa nafsi zetu, atupe riziki ya halali, na atujaalie tuwe katika wale ambao mali iko mikononi mwao na haimo mioyoni mwao. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.